Miwani ya kusomea: mwaka mzima wa ubishi, kisha raha

Kilichonitia adabu ni karatasi ya dawa. Nilikuwa na miaka 46. Nilisoma maelekezo mwenyewe chini ya taa, nikameza vidonge viwili asubuhi. Jioni binti yangu akaichukua ile karatasi, akaisoma bila hata kukunja uso: "Mama, ni kimoja asubuhi, kimoja jioni." Sikudhurika, lakini mchezo wa kusogeza simu mbali na kulaumu taa ukaishia hapo.

Nilikuwa nimebisha mwaka mzima. Kichwani mwangu miwani ya kusomea ilikuwa ya bibi, ile inayoshuka hadi nchani mwa pua, na mwenyewe akikutazama kwa juu yake unajua umeshikwa. Tena niliamini kwamba ukianza kuvaa, macho yanadeka. Aliyenipima alinieleza kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, ikashindwa kujirekebisha ili uone vya karibu, na wengi huanza kuliona hilo wakishavuka miaka 40. Itakakamaa uvae usivae. Kumbe ubishi wangu wote ulikuwa umenizalishia maumivu ya kichwa tu.

Ila hapo kwenye kipimo nilifika nikiwa nimeshakosea. Miwani ya kwanza niliichagua mwenyewe kati ya zile zinazouzwa tayari, nikachukua yenye nguvu ya lenzi +2.50 kwa sababu herufi zilionekana kubwa. Kusoma nilisoma, lakini kitabu nilikishika kama nakinusa. Sikujua kwamba, kwa macho yanayoona mbali vizuri, namba hiyo inakomea sentimita 40; kilichozidi hapo ni ukungu. Nilipopimwa nikaambiwa jicho la kulia linataka +1.25, la kushoto +1.75. Zile za tayari huwa na namba moja pande zote mbili, kwa hiyo ningezijaribu zote zisinikae sawa. Sisemi hazifai. Ukipimwa na macho yako yakakutwa sawasawa, zitakutosha. Mimi hazikunifaa.

Siku niliyovaa zilizotengenezwa kwa kipimo changu nilichukua sindano na uzi mweusi, makusudi kabisa. Uzi ukapita mara ya kwanza. Nikauchomoa, nikaupitisha tena, na tena, peke yangu mezani kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Kisha nikaenda kwenye kioo. Hapo sikufurahi sana: kidevuni kulikuwa na nywele mbili ambazo sijui zimekaa hapo tangu lini, na watu wa nyumbani wote walikuwa wamenyamaza tu.

Kwa fremu, ushauri wangu ni mmoja: inamisha kichwa kabla hujalipa. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa nzito, ikaniachia alama mbili nyekundu kando ya pua, na kila nikiinama inaporomoka. Niliyo nayo sasa ni nyepesi na ina vile vipande laini vya puani ambavyo fundi anaweza kuvikunja vikakukaa. Nikiivaa asubuhi, kufika saa sita nimeshaisahau. Na ile kamba ya shingoni niliyokuwa naicheka? Ninayo. Nimechoka kuitafuta miwani iliyo kichwani mwangu.

Nilijaribu pia zile ambazo lenzi moja ina sehemu ya mbali juu na ya karibu chini, bila mstari katikati. Wengi wanazisifu. Mimi nilipokuwa nateremka ngazi nilitazama chini kupitia sehemu ya kusomea, daraja likawa linaelea, nikashika ukuta. Niliambiwa nivumilie wiki mbili, macho yatazoea. Siku ya nne nikazirudisha. Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani wa zamani, alikuwa na zake za lenzi mbili zilizokatwa na kuunganishwa, na katika barua ya mwaka 1784 alieleza jinsi alivyozifurahia. Pengine alikuwa na subira kuliko mimi.

Kero zipo. Mvuke wa sufuria unaifunika yote mara moja. Nilifuta kwa upindo wa blauzi miezi kadhaa hadi lenzi ya kushoto ikapata mikwaruzo, na mikwaruzo haifutiki. Siku hizi naiosha kwa maji na tone la sabuni, nafuta kwa kile kitambaa chake. Na huwezi kutembea nayo ukitazama mbali, kwa hiyo ni kuvaa na kuvua siku nzima. Kwa hayo naipa nyota nne kati ya tano.

Mwezi uliopita nimepimwa tena, namba imepanda kidogo macho yote. Mara ya kwanza nilichagua fremu isiyo na ukingo ili watu wasiione. Safari hii nimechukua nyekundu.