Ofisi ya tafsiri ya Kiitaliano karibu na Barabara ya Digo: kazi nzuri, uwazi haba

Wakazi wa Mombasa wenye jamaa au waajiri nchini Italia, na pwani yetu kutoka hapa hadi Watamu na Malindi ina wengi wa aina hiyo, hulazimika mara kwa mara kutafsirisha vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya tabia njema. Ofisi ndogo ya tafsiri iliyo karibu na Barabara ya Digo hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu na kwa wepesi usio wa kawaida: cheti kikipelekwa asubuhi, tafsiri huwa tayari kabla ya adhuhuri. Wahudumu wana adabu, risiti hutolewa bila kuombwa, na Kiitaliano chao, kwa ushahidi wa shemeji yangu aliyewahi kuishi Torino, ni fasaha.

Kilichonitia mashaka ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Katika cheti cha ndoa cha mdogo wangu, siku na mwezi wa kuzaliwa vilikuwa vimebadilishana nafasi, kosa ambalo lingetosha kumrudisha mtu kutoka dirisha la viza. Nilipouliza, kijana wa mapokezi alinijibu kwa upole, "Samahani, mama, hiyo ni mashine, tutairekebisha sasa hivi." Waliirekebisha bila malipo, nami nawashukuru kwa hilo. Ndipo nilipofahamu kwamba nyaraka zetu hupigwa picha na kuingizwa katika programu ya akili mnemba kwenye intaneti, kisha mfanyakazi huzipitia. Hakuna tangazo ukutani, wala mstari katika risiti, wala neno la mdomo linalomweleza mteja hivyo kabla hajalipa.

Huko Italia kwenyewe, vyeti hivi vinakopelekwa, jambo hili limetungiwa sheria. Sheria Nambari 132 ya 2025, iliyoanza kutumika tarehe 10 Oktoba mwaka huo ili kwenda sambamba na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2024, inawataka wanataaluma kama mawakili kumweleza mteja, kwa lugha iliyo wazi, nyepesi na kamili, mifumo ya akili mnemba wanayoitumia. Tena mifumo hiyo iwe ya kusaidia tu, na kazi ya akili ya mtu ndiyo itangulie. Ni kweli kwamba sheria ya Roma haiifungi ofisi ya Mombasa. Hata hivyo, mteja anayekabidhi jina la mamake, nambari ya kitambulisho na habari za ndoa yake anastahili heshima ileile, awe amesimama Torino au Digo Road.

Wenye ofisi wasiseme kwamba uwazi wa namna hiyo utawaharibia biashara. Mwishoni mwa Machi 2023, mamlaka ya Italia ya ulinzi wa data, iitwayo Garante, iliizuia ChatGPT, programu ya akili mnemba ya kampuni ya Marekani ya OpenAI, isichakate data za watu walio nchini humo, ikilalamikia, miongoni mwa mambo mengine, kwamba watumiaji hawakuelezwa vya kutosha jinsi data zao zinavyokusanywa na kwamba umri wao haukuthibitishwa. OpenAI iliongeza maelezo, ikaweka fomu ya kukataa data za mtu zisitumike kufundishia mfumo, na kufikia tarehe 28 Aprili huduma ilikuwa imerejea. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho iliweza kujirekebisha ndani ya takriban mwezi mmoja, ofisi yenye meza tatu inaweza kubandika karatasi moja leo hii. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa kila mtu haki ya kujulishwa data zake zitatumiwaje, kwa hiyo ninachokiomba hakitoki Ulaya pekee.

Kwa ubora wa tafsiri naipa ofisi hii nyota nne kati ya tano. Kwa uwazi siwezi kuipa zaidi ya mbili. Anayekwenda aulize mapema ni programu gani inayotumika na nakala ya cheti chake itafutwa lini, adai jina la mfanyakazi aliyeipitia tafsiri liandikwe chini yake, na kabla ya kuondoka kaunta alinganishe kila tarehe, jina na nambari na zile za cheti cha asili.