Dinari ya Karolo Kipara: sarafu safi, cheti chenye kosa

Sarafu hii ya fedha niliinunua katika duka moja la sarafu za kale jijini Paris, na kwa sarafu yenyewe sina neno. Malalamiko yangu yote yako kwenye cheti kilichoandamana nayo, kinachodai kuwa ilipigwa enzi za Karolo Mkuu (Charlemagne), mfalme wa Wafranki, watu waliotawala eneo la Ufaransa ya leo na majirani zake.

Ni kipande chembamba chenye upana wa milimita 20 na uzito wa gramu 1.68. Ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha, upande mmoja unajitokeza monogramu ya jina KAROLVS: K kushoto, S kulia, R juu, L chini, na irabu zote zimebanwa katika umbo dogo la almasi hapo katikati. Kuizunguka pameandikwa GRATIA D-I REX, yaani mfalme kwa neema ya Mungu, na ingawa weusi umeingia kwenye mifereji, kila herufi inasomeka. Upande wa pili una msalaba na jina la Quentovic, bandari ya Wafranki kwenye mto Canche.

Maandishi hayo ndiyo yanayokiumbua cheti. Karolo Mkuu alipoitengeneza upya dinari mnamo 793 au 794, aliipandisha uzito kutoka takriban gramu 1.3 hadi 1.7 na kuitia monogramu kama hii, lakini maandishi yake yalikuwa CARLVS REX FR, mfalme wa Wafranki. GRATIA D-I REX ilikuja na amri ya Pîtres ya mwaka 864, ambayo kwayo mjukuu wake, Karolo Kipara, aliagiza kila dinari iwe na jina na monogramu ya mfalme upande mmoja, msalaba na jina la mji upande mwingine, akaitaja Quentovic miongoni mwa sehemu chache zilizoruhusiwa kupiga sarafu. Aliyeandika cheti aliiona monogramu, akaishia hapo.

Kosa hilo si dogo, kwa kuwa dinari za Karolo Mkuu kwa kawaida huuzwa ghali zaidi, nami nililipa bei ya babu kwa sarafu ya mjukuu. Nilipowapelekea wenye duka picha na maelezo, walinirudishia sehemu ya pesa baada ya wiki tatu, lakini cheti kipya hawajanipa. Sarafu sitairudisha, cheti nitaendelea kukidai.