Tumeifungua seti ya kutengenezea kadi hapa Tabora: mkasi sawa, gundi hapana

Habari zenu watazamaji, na kama unatutazama asubuhi ukiwa Isevya au Ng'ambo, mwangaluka. Mezani leo kuna seti ya kutengenezea kadi na kurasa za albamu kwa mkono, ile ya kisanduku cha plastiki chenye mpini inayokaa steshenari na kwenye maduka ya zawadi. Jina tumeliziba kwa tepu. Visanduku hivi vinafanana sana, na tutakayosema yatakufaa hata kama chako kina picha nyingine juu.

Kwa wenye haraka: ubao wa mikunjo, mkasi na panchi vinastahili pesa. Gundi iweke pembeni. Kadi tupu zilizomo ndani tuna ugomvi nazo, na ndiko tunakoanzia.

Kuna kadi 10 nyekundu zilizokwisha kunjwa, na bahasha zake. Kamera isogee hapa kwenye mgongo wa kadi. Unauona huo mstari mweupe uliochanikachanika? Rangi imepakwa juu tu, moyo wa karatasi ni mweupe, na kadi imekunjwa kinyume cha nyuzi zake. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zinazolala upande mmoja, kama mbao. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unalala wenyewe. Ukikunja kwa kuzikata, nyuzi zinavunjika na weupe unachungulia. Kiangazi cha huku, kuanzia Juni mpaka Oktoba hivi, karatasi inakauka kabisa na tatizo linazidi.

Kujua nyuzi zinalala wapi hakuhitaji kifaa. Shika manila, ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande unaokubali kupinda kwa ulaini ndio nyuzi zinaufuata, na mkunjo wako uende hivyo hivyo.

Sasa, A4 nyingi nyuzi zake zinakwenda na urefu, ule wa sentimita 29.7. Ukiikunja katikati upate kadi ya A5, umezikata nyuzi. Lakini ukiikata kwanza katikati, kwenye sentimita 14.85, unapata vipande viwili vya 21 kwa 14.85. Kila kimoja ukikikunja kwenye 10.5, mkunjo unafuata nyuzi. Kadi mbili za A6 kutoka A4 moja, mgongo safi, na zinaingia kwenye bahasha ya C6, yenye 11.4 kwa 16.2. Kadi 100 za mialiko ya harusi ni manila 50. Nunua 55, tano zitaharibika.

Hapo ndipo ubao wa mikunjo unapojilipa. Ni huu wa plastiki wenye mifereji, na unakuja na kijiti butu. Kasoro yake: vipimo ni inchi tupu, sentimita hakuna. Usihangaike, 10.5 yetu ni inchi 4 na thumuni moja, yaani sehemu moja ya nane, na mfereji wake upo. Tofauti haifiki hata nusu milimita. Egemeza karatasi kwenye ukingo wa kushoto, pitisha kijiti mara mbili kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza kwa nguvu mara moja, manila inachanika chini na utaligundua hilo baadaye, ukishaandika jina la mgeni. Kisha kunja, na hapa wengi wanakosea: ule upande uliobonyea unabaki nje, na tuta dogo lililojitokeza upande wa pili linaingia ndani ya kadi. Mtu akiuona mfereji anataka kufungia ndani yake. Akifanya hivyo karatasi inajibana yenyewe na mgongo unavimba.

Huna ubao? Rula ya chuma na kalamu ya Bic iliyokwisha wino vinafanya kazi ile ile. Hakikisha imekwisha kweli.

Tuje kwenye gundi. Kichupa cha mililita 30, nyeupe, na ni maji kweli kweli. Tazama tukiipaka nyuma ya karatasi hii ya maua, nyepesi kama ya fotokopi, na kuibandika juu ya manila. Sasa hivi imelala vizuri. Baada ya dakika chache, haya, mawimbi hayo. Maji yameingia kwenye nyuzi, nyuzi zimenenepa, karatasi imetanuka upande mmoja lakini manila ya chini haijatanuka nayo. Ikikauka inasinyaa na kuivuta manila, na kadi nzima inakuwa kama kigae. Siku za mvua inachelewa kukauka na mawimbi yanakaa. Kiangazi inaganda juu kabla hujasogeza kipande mahali pake, unakivuta, kinachanika.

Kama gundi nyeupe ndiyo uliyonayo, tumia ile nzito, weka matone machache, yatandaze kwa ukingo wa kadi ya simu ya zamani mpaka uone utando tu. Bandika kuanzia katikati kwenda pembeni. Funika na karatasi safi, weka chini ya vitabu vizito mpaka kesho. Kesho, siyo baada ya chai.

Ila ushauri wetu kwa vipande vikubwa ni tepu ya pande mbili, ya milimita 12, inayouzwa peke yake. Haina maji, haina mawimbi. Bandika vipande vinne kuzunguka kingo, milimita 2 ndani ya ukingo ili visichungulie, na kimoja cha mshazari katikati. Bandua ngozi ya juu nusu tu kwanza, panga kipande, kikikaa sawa ndipo uvute iliyobaki. Ikishashika hairudi.

Gundi ya stiki inatosha karatasi kwa karatasi. Kwa picha, hapana. Picha ya studio ina tabaka la plastiki mbele na nyuma, gundi ya stiki haipati pa kuingia, na pembe zinaanza kunyanyuka. Gundi ya viatu usiilete kabisa kwenye albamu. Inashika, ndiyo, lakini inageuka njano na doa linapenya mpaka mbele ya picha.

Panchi ziko tatu, ya ua, ya moyo na ya kipepeo. Ya moyo na ya ua zinakata karatasi nyepesi na manila ya kawaida bila shida. Ya kipepeo inaacha manyoya kwenye antena, na inakwama. Dawa yake ni ya hapa hapa nyumbani: nta. Mkoa huu wa asali haukosi nta ya nyuki. Sugua nta kwenye karatasi ya fotokopi pande zote mbili, itoboe kwa panchi mara kumi hivi, nta inalainisha vyuma vya ndani. Kama ni butu, kunja msasa laini na uutoboe mara chache. Geuza panchi juu chini unapotoboa, ili uone kupitia tundu umelenga wapi. Hiyo inaokoa karatasi nyingi za maua, maana zipo 24 tu.

Mkasi wa zigizaga hauna neno. Ujanja ni mmoja: usifunge meno mpaka mwisho. Kata robo tatu, fungua, linganisha meno na mchoro uliokwisha kukatwa, endelea. Ukifunga mpaka ncha, kila pigo linaacha kovu.

Sponji za kunyanyua mapambo, milimita 2 unene, zinashika vizuri na ni nyeupe. Kwenye kadi ya kupeleka kwa mkono ni nzuri. Kadi inayokwenda ndani ya bahasha ikapangwa rundo la mia, utakuta alama ya ua imejichora kwenye bahasha ya juu yake.

Kijitabu cha maelekezo kina ukurasa mmoja wa kadi inayosimama ukiifungua, na kimeacha kipimo muhimu kuliko vyote. Kadi yetu ya A6 ikiwa imefungwa, kata michano miwili iliyo sambamba kuanzia kwenye mgongo, urefu sawa. Fungua, sukuma kile kipande kije mbele, funga tena ukibonyeza. Umepata ngazi ya kubandikia ua au namba ya miaka. Sasa kipimo: mchano ukiwa sentimita 4, kadi ikifungwa ngazi inafika sentimita 8 kutoka mgongoni, mara mbili yake. Upana wetu ni 10.5, kwa hiyo upo salama. Mchano wa sentimita 6 unakupeleka 12, na pembe itachomoza nje ya kadi kama ulimi. Mchano usifike nusu ya upana, na pambo unalobandika nalo lihesabiwe. Baada ya kukata, funga kadi hii ndani ya kadi nyingine ya nje, bila gundi kwenye eneo la ngazi, ili tundu lisionekane mgongoni.

Upande wa albamu. Kisanduku kinajisifu kwamba kurasa ni za inchi 12 kwa 12, kipimo kilichozoeleka Marekani, yaani sentimita 30.5. A4 haifiki huko. Tunapendekeza sentimita 20 kwa 20, unaipata ndani ya A4 bila kuunga.

Tuchukue ukurasa wa safari ya treni, maana Tabora ndipo reli inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, na kila nyumba ina picha za stesheni. Picha ya 10 kwa 15, isimamishe. Chini yake weka manila ya rangi ya 10.6 kwa 15.6, ukingo wa milimita 3 kila upande. Bandika sentimita 1.5 kutoka kushoto na 1.5 kutoka juu. Kulia unabaki na 7.9, hapo ndipo maandishi yanakaa, tarehe, majina, nani alikuwa wapi. Chini unabaki na 2.9, utepe wa kichwa cha habari. Usijaze kila tundu kwa maua. Jicho likikosa pa kupumzika, halitaiona hata picha.

Risiti na tiketi za mashine ni mtego. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, haina wino, ni karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto, na maandishi yake yanafifia yenyewe. Toa fotokopi kwanza, bandika fotokopi. Kipande cha gazeti vivyo hivyo: kinageuka njano na kuichafua karatasi inayokigusa. Na mifuko ya plastiki ya kuwekea picha, inuse. Ikinuka kama koti jipya la mvua, iache dukani, plastiki ya namna hiyo inaiharibu picha kwa muda mrefu.

Picha ya zamani isiyo na kopi usiigundishe kabisa. Kata manila nyembamba ya sentimita 4 kwa 2. Kunja pembe mbili za juu zikutane katikati chini. Umepata pembetatu yenye mfuko. Nne za hivyo, chomeka pembe za picha, kisha bandika pembetatu kwenye ukurasa kwa tepu. Shangazi akiiomba akaichapishe, inatoka nzima na inarudi, kama itarudi.

Kushona: manila za A3, zikatwe 40 kwa 20, nne mpaka tano, kunja katikati zote pamoja baada ya kupima nyuzi. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, sentimita 3, 10 na 17. Uzi uliokuja kwenye seti ni dhaifu, chukua uzi wa cherehani, ukunje mara mbili, uvute juu ya kipande cha nta mara mbili tatu. Sentimita 50 baada ya kuukunja zinatosha. Anza ndani, tundu la kati, toka nje ukiacha mkia. Ingia tundu la juu. Ndani, ruka la kati mpaka la chini, toka nje. Rudi la kati, ingia. Mikia miwili ikumbatie ule uzi mrefu, funga fundo. Vuta kufuata mkunjo, ukivuta wima uzi utachana karatasi.

Na sponji, tena: ukizitia kila ukurasa, albamu itabaki mdomo wazi. Ukurasa mmoja kati ya nne, na ziwe mbali na mgongo.

Kama muuzaji wako anakubali kuvunja seti, omba ubao wa mikunjo, panchi ya moyo na mkasi, iliyobaki iende kwenye manila na tepu. Kama havunji, seti ichukue, na kile kichupa cha gundi wape watoto wabandike magazeti.