Vibao vya konholi vya fundi wa Majengo, Moshi

Je, inafaa kuchongesha vibao vya konholi kwa fundi wa hapa badala ya kuagiza? Kwa mtu mwenye uwanja na watoto wengi wanaorudi nyumbani Desemba, jibu langu ni ndiyo, chongesha. Huna haja ya kuagiza seti ya nje inayouzwa dola 100 na zaidi kabla hujalipia usafiri. Vyangu vimetengenezwa na fundi seremala wa Majengo, hapa hapa Moshi mjini. Vimekaa kwetu kijijini Kibosho msimu mzima wa Krismasi, vimechezewa na watoto wa kaka zangu, na vijana wa kwaya, na wazee waliofika kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na havijalegea popote. Ila kuna mambo ambayo lazima umsimamie fundi, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kwa asiyeujua: konholi (cornhole) ni mchezo wa uani wa Wamarekani. Vibao viwili vinatazamana, kila kimoja kimeinamia mbele na kina tundu upande wa juu. Unasimama kando ya kimoja, unarusha kifuko cha mahindi kwenda kwa kingine. Kikizama tunduni ni pointi 3, kikibaki juu ya kibao ni 1, kikianguka chini hakina kitu. Kila upande una vifuko vinne, na pointi za mzunguko mmoja zinafutana: ninyi mkipata 5 na wenzenu 3, mnaandikiwa 2 tu. Wa kwanza kufika 21 ameshinda. Huko kufutana ndiko kunakonogesha, maana aliye nyuma hakati tamaa mpaka mwisho.

Mimi niliuona kwa jirani yangu wa mtaa wa Soweto, hapa Moshi, mwenye hosteli ya wageni wanaokuja kupanda mlima. Tukaamua kuchongesha pamoja, na huo ulikuwa uamuzi wa maana sana upande wa pesa. Kibao kimoja ni futi 2 kwa futi 4. Karatasi ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Kwa hiyo karatasi moja inatoa vibao vinne, yaani seti mbili kamili, na hakuna kipande kinachotupwa. Ukienda peke yako utanunua karatasi nzima na nusu yake ikuozee stoo. Tafuta mwenzio kwanza. Hesabu yangu ya seti moja, ukiweka mbao, skrubu, rangi, ufundi na ushonaji wa vifuko, haikufika laki mbili.

Plaiwudi iwe ya milimita 12. Wauzaji watakushawishi uchukue nyembamba kwa sababu ni nafuu, lakini nyembamba inarusha kifuko juu kikitua, na mchezo unaharibika kabisa. Kwa fremu tulitumia paini ya inchi mbili kwa nne, urefu wa futi 12. Mbao moja inatosha fremu ya kibao kimoja, na moja ya ziada unakata miguu yote minne. Chagua isiyo na vifundo vingi, maana vinatoa utomvu. Na tafadhali, usikubali zile mbao za kupaulia zilizolowekwa dawa, zenye rangi ya kijani, hata kama fundi anazo mkononi na anakupunguzia bei. Hiki ni kitu watoto watakikumbatia na kukilalia.

Sasa nimsifu fundi panapostahili. Jirani yangu alikuwa amechapisha ramani ya Kimarekani ya vibao hivi, na ramani inasema mbao fupi za fremu zikatwe inchi 21. Ni sahihi kwao, kwa sababu mbao yao inayoitwa mbili kwa nne imeshapigwa randa kiwandani na unene wake halisi ni inchi moja na nusu. Yetu inatoka msumenoni ikiwa na inchi mbili kweli. Ukikata 21, fremu inazidi plaiwudi kwa inchi nzima. Fundi aliitazama ile karatasi, akaiweka pembeni. Akalaza plaiwudi sakafuni, akapanga mbao mbili ndefu kwenye kingo zake, akapima nafasi iliyobaki katikati na kukata hapo. Ilitoka kama inchi 20. Fremu zote nne zimekaa sawasawa na plaiwudi, huwezi kupenyeza hata ukucha. Huyo ni mtu anayejua kazi yake.

Tundu nalo alilipatia. Kipenyo ni inchi 6, na kitovu chake kiwe inchi 9 kutoka ukingo wa juu na inchi 12 kutoka kila ubavu. Alipiga msumari kwenye kitovu, akafunga uzi wa inchi 3 na penseli, akazungusha, kisha akakata kwa jigso. Ukingo akausugua kwa msasa mpaka mtoto anaweza kupitisha kiganja bila kuchomwa na kibanzi. Nyuma kibao kimeinuka inchi 12, mbele kimelala chini kwa kimo cha fremu. Miguu imefungwa kwa bolti na washa, kwa hiyo inakunjwa, na vibao vyote viwili vinaingia nyuma ya gari dogo. Bolti tulinunua wenyewe, yeye hakuwa nazo.

Tulipobishana ni kwenye misumari na rangi. Alitaka kupigilia misumari ya kawaida juu ya plaiwudi, nikakataa. Msumari hupanda taratibu mbao inapokauka, kichwa kinatokeza, kifuko kinakwama au kinachanika. Tukaweka skrubu, vichwa vikazamishwa, pati ikapakwa juu. Kisha akaleta rangi ya mafuta ya milango, ile inayong'aa. Rangi ile ikipigwa na jua la Januari inanata, na kifuko kinachotakiwa kuteleza kinaganda pale kilipotua. Nawaomba mnisikilize hapa: uso wa kibao ndio mchezo wenyewe. Pesa yako na muda wako vipeleke huko. Msasa namba 80 kwanza, halafu 120, halafu 220. Rangi ya maji, iache ikauke kabisa. Juu yake vanishi ya maji isiyo na rangi, mkono wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, na kila mkono ukikauka unapitisha 220 kwa wepesi. Alinung'unika kwamba namtesa kwa kitu cha kuchezea, lakini alikifanya, na matokeo yake kifuko kinatua, kinateleza, kinadondoka tunduni.

Lawama yangu moja kubwa ni muda. Ijumaa ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa "mama, umeme ulikatika," na kazi ilitoka siku chache tu kabla ya Krismasi. Kama unavitaka kwa ajili ya sikukuu, peleka kazi mwanzoni mwa Novemba na usimalize kulipa kabla hujavisimamisha chini na kuona kama vinayumba. Kimoja cha jirani yangu kiliyumba. Mguu ulisawazishwa palepale.

Vifuko vilinichukulia fikra kuliko vibao. Kila kimoja ni mraba wa inchi 6, uzito kama gramu 450, na unahitaji vinane, vinne rangi moja na vinne nyingine. Kitambaa nilikipata soko la Memorial: suruali za jinzi za mtumba, bluu na nyeusi, ngumu kweli. Unakata inchi 7 ili mshono upate nafasi. Fundi cherehani alipitisha mshono mara mbili, na hiyo usimwachie aseme mmoja unatosha. Mahindi hayafiki kilo nne kwa vifuko vyote. Chukua makavu, na uhakikishe hayajachanganywa na dawa ya unga ya kuhifadhia, kwa sababu kila kifuko kikitua vumbi linatoka, na watoto wanavishika kisha wanakula ndizi. Kuua fukusi, yaweke kwenye friza siku kadhaa kabla ya kushona. Baada ya hapo adui ni maji na panya: kifuko kilicholowa kinaota kuvu na hakifai tena, kwa hiyo vyetu vinalala ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kuna mtu alipendekeza kokoto. Hapana. Kokoto zinakwangua kibao na zinaumiza mguu wa anayesimama karibu.

Kibosho kupata sehemu tambarare ni kazi. Sisi tunachezea pale pa kuanikia kahawa, ambapo umbali wa futi 27 kati ya kingo za mbele za vibao unaenea bila shida. Ni mita 8 na kidogo. Watoto wadogo wanasogea mbele hatua kadhaa. Baba yangu ni mzee, magoti yanamsumbua, hachezi chochote kingine na wajukuu wake. Hiki anacheza, amesimama na fimbo mkono wa kushoto, na wanamwogopa kwa sababu anatupa chini chini na kifuko kinatambaa mpaka tunduni. Kwangu mimi hilo peke yake limerudisha gharama yote.

Ninachokiona kama upungufu ni uzito. Kibao chenye fremu ya mbili kwa nne hakisogei kikipigwa, hilo ni zuri, lakini mtoto wa miaka kumi hawezi kukibeba peke yake. Nimeagiza seti nyingine kwa fundi yuleyule, kwa ajili ya shule ya Jumapili, na safari hii fremu ni ya moja kwa nne yenye kiungo cha kati kushikilia plaiwudi isibonyee. Vipimo vingine vyote ni vilevile. Nusu nimetanguliza, nusu atapata vikisimama.