Pikipiki ikivuka Ruvuma: ufuatiliaji wa polisi ukiwa Mtwara

Huduma ya polisi ya kufuatilia pikipiki iliyoibwa na kuvushwa mpaka ni nzuri, ila inasimama au kuanguka kwa ile taarifa ya kwanza kituoni. Tanzania imo katika mashirikisho mawili ya ushirikiano wa polisi wa nchi mbalimbali: SARPCCO ya Kusini mwa Afrika, iliyoanza 1995, na EAPCCO ya Afrika Mashariki, ya 1998. Kwa mtu wa Mtwara, SARPCCO ndiyo yenye uzito, maana Msumbiji haimo EAPCCO, na Daraja la Umoja pale Mtambaswala, la kuvukia Ruvuma kwenda Msumbiji, liko wazi tangu 2010.

Ripoti siku hiyohiyo, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Nenda na kadi ya pikipiki, namba ya injini na ya chesisi. Hapa ndipo mambo huharibika: namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna kabisa I, O wala Q. Askari akiandika O badala ya sifuri, mfumo wa polisi hautaitambua pikipiki hata ikikamatwa. Isome naye moja moja kabla hujaondoka kaunta. Namba ya usajili pekee haitoshi, kibao hung'olewa kwa bisibisi.

Udhaifu wa huduma hii ni mwendo wa polepole: taarifa hupanda kwanza hadi ofisi ya taifa ya Interpol, polisi wa kimataifa. Omba kituo kipige simu mpakani mapema.