Kompyuta ya Kwanza ya Kuhariri Video na Kutengeneza Katuni: Anza na Faili Zako, Kisha Ununue Vifaa

Ndugu watazamaji, karibuni. Mezani hapa nimepanga vifaa vya kuunda kompyuta moja: prosesa, ubao mama, RAM (kumbukumbu ya muda), kadi ya grafiki, diski, pawa saplai, kipozeo cha prosesa na kasha la kuvihifadhi. Nitavipitia vyote, lakini sitavipa muda sawa, kwa sababu uzito wake katika kazi hii haulingani. Ninamlenga mtu anayeunda kompyuta ya kwanza kwa ajili ya kuhariri video na kutengeneza katuni, na shabaha yangu ni kumwonyesha mahali pa kumwaga fedha na mahali pa kuzibana.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza prosesa ipi ina nguvu kuliko zote, ilhali swali linalotakiwa kutangulia ni kamera yako inarekodi faili za namna gani. Simu na kamera nyingi hurekodi kwa kodeki, yaani mbinu za kubana video, za H.264, iliyotoka mwaka 2003, au HEVC, iliyofuata mwaka 2013. Kodeki hizi hupunguza ukubwa wa faili kwa kuhifadhi fremu chache tu zikiwa kamili, na fremu zilizobaki zikawa ni maelezo ya kilichobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Unapovuta mshale nyuma kwenye taimulaini ili uone fremu moja tu, kompyuta hulazimika kuitafuta fremu kamili iliyo karibu, kisha ijenge zote zilizo katikati hadi ifike ile uliyoitaka. Ndiyo maana faili dogo la simu linaweza kukwamakwama wakati faili la ProRes, kodeki inayohifadhi kila fremu peke yake, ambalo ni kubwa mara nyingi zaidi, linateleza bila shida.

Kinachoiokoa kompyuta katika kazi hiyo ni sehemu maalumu ya kusimbua video, yaani kuifungua video iliyobanwa, iliyomo ndani ya kadi ya grafiki, au ndani ya prosesa yenye grafiki zake. Tazama kwenye skrini. Kompyuta hii ya majaribio ina kadi ya RTX 3060 ya NVIDIA, na nimefungua Task Manager ya Windows upande wa GPU, yaani kadi ya grafiki. Nikicheza klipu ya kwanza, ambayo ni HEVC ya kawaida ya 4:2:0 (namba hizi huonyesha kiasi cha taarifa za rangi kinachohifadhiwa), mchoro unaohusu kusimbua video unapanda na prosesa inabaki imetulia. Nikicheza klipu ya pili, ambayo nayo ni HEVC ya 4K lakini imerekodiwa kwa biti 10 na 4:2:2, mchoro ule unalala chini kabisa na mzigo wote unahamia kwenye prosesa. Azimio ni lilelile na jina la kodeki ni lilelile. Tofauti ni namna rangi zilivyohifadhiwa, na kadi hii haina uwezo wa kuisimbua namna hiyo ya pili.

Kwa hiyo, kama kamera yako inarekodi 4:2:2, njia zako za kukwepa tatizo hili zinajulikana. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 husimbua HEVC ya 4:2:2 kwa kutumia Quick Sync, sehemu yake ya kusimbua video, mradi tu prosesa iwe na grafiki za ndani. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel huonyesha kwamba grafiki hizo hazifanyi kazi, na pamoja nazo Quick Sync imekwenda. Nafuu ndogo ya bei unayoipata kwa kununua prosesa yenye F hailingani na unachokipoteza ikiwa kazi yako ni video. Kwa upande wa NVIDIA, kadi za GeForce zilianza kusimbua 4:2:2 katika mfululizo wa RTX 50 uliotoka mwaka 2025. Lakini kama unarekodi kwa simu tu, au kamera yako inatoa 4:2:0, usiumize kichwa kwa jambo hili, kwani karibu kila kadi ya miaka ya karibuni inatosha. Ipo pia njia ya proksi, yaani kutengeneza nakala nyepesi za klipu zako na kuhariri kwa kutumia hizo, kisha programu irudi kwenye faili asilia wakati wa kutoa kazi. Njia hii hula muda mwanzoni, lakini imewawezesha watu wengi kuhariri kwenye mashine za kawaida sana.

Sasa tuje kwenye katuni, ambako mahitaji hubadilika kabisa. Anayetengeneza michoro yenye mwendo kwenye After Effects hubanwa kwanza na RAM. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani pikseli milioni 8.3, na kila pikseli ina chaneli nne za rangi na uwazi. Kwa biti 8 kila chaneli, fremu hiyo huchukua takriban megabaiti 33 ikiwa imefunguliwa kwenye kumbukumbu. Sekunde kumi za fremu 24 kwa sekunde ni fremu 240, na hizo ni karibu gigabaiti 8. Ukipandisha mradi kwenda biti 16, sekunde zilezile kumi zinahitaji karibu gigabaiti 16. Hadi matoleo ya mwaka 2025, programu hii ilitegemea RAM kuhifadhi fremu ilizokwisha kuzitengeneza ili ikuonyeshe kazi yako kwa kasi halisi. RAM ilipojaa, fremu za mwanzo zilitupwa, na wewe ulisubiri zitengenezwe upya; matoleo mapya hutumia pia diski. Tangu mwaka 2021 After Effects hutengeneza fremu kadhaa kwa wakati mmoja kwa kutumia viini vingi vya prosesa, jambo ambalo ni zuri, isipokuwa kwamba kila fremu inayotengenezwa hudai sehemu yake ya kumbukumbu.

Msimamo wangu ni huu: gigabaiti 32 ziwe kiwango cha kuanzia kwa anayehariri video, na gigabaiti 64 kwa anayefanya michoro yenye mwendo au katuni za pande tatu. Gigabaiti 16 zitafungua programu na kukuonyesha taimulaini, kisha zitaanza kukunyanyasa mara tu unapofungua kivinjari pembeni. Jambo jingine ni idadi ya vibao. Hapa nina viwili vya gigabaiti 32 kila kimoja, na nimechagua viwili kwa makusudi, kwa kuwa kumbukumbu za DDR5, aina ya kisasa ya RAM, zikiwekwa vibao vinne kwenye ubao mama wa kawaida, mara nyingi hulazimika kwenda kwa kasi ndogo zaidi. Sogea uone jinsi ninavyoviweka: nahesabu nafasi kutoka kwenye prosesa, naruka ya kwanza, naweka kibao katika ya pili, naruka ya tatu, na cha mwisho kinaingia katika ya nne. Ubao mama mwingi wenye nafasi nne unataka mpangilio huo, na kitabu chake huueleza kwa mchoro. Baada ya kuwasha, ingia kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya ubao mama, na uwashe EXPO au XMP, mipangilio ya kasi ya RAM, kwani bila kufanya hivyo kumbukumbu uliyoinunua kama ya kasi ya 6000 inaweza kuendelea kutembea kwa 4800 bila wewe kujua.

Katuni za pande tatu huhamishia tatizo kwenye kumbukumbu ya kadi ya grafiki yenyewe, yaani VRAM. Chukua Blender, ambayo ni ya bure na ambayo wanafunzi wengi huanza nayo. Ukirenda, yaani ukitengeneza picha za mwisho, kwa Cycles (injini yake ya kurenda) kupitia kadi, mandhari yote, pamoja na picha zinazopakwa juu ya maumbo, hupakiwa kwenye VRAM. Picha moja ya 4096 kwa 4096 ikifunguliwa huchukua karibu megabaiti 67, hata kama kwenye diski ilikuwa JPEG ya megabaiti tatu. Mhusika mmoja aliyepakwa picha tano za aina hiyo anakula megabaiti 335, na wahusika kumi wamekwisha kuvuka gigabaiti 3 kabla hatujahesabu maumbo yao, nywele zao, wala nyumba wanamoishi. Mandhari ikizidi VRAM, kazi huanza kukopa kwenye RAM ya kawaida na kasi inaanguka vibaya, au inasimama kabisa na kukupa ujumbe wa hitilafu.

Hii ndiyo sababu ninathubutu kusema kwamba kwa mwanzo, kadi ya daraja la kati yenye gigabaiti 16 ni bora kuliko kadi yenye mbio zaidi iliyo na gigabaiti 8. Iliyoko mkononi mwangu ni RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16, na hapo naomba umakini wako, kwa sababu kadi hiyohiyo inauzwa pia ikiwa na gigabaiti 8 chini ya jina hilohilo. Usiridhike na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Geuza boksi usome kiasi cha kumbukumbu. Kwa wanaotafuta kadi iliyotumika, RTX 3060 ya gigabaiti 12 ya mwaka 2021 bado ina heshima yake. RTX 4060 ya gigabaiti 8 huipita kwa kasi pale mandhari inapoenea ndani ya VRAM, lakini pale isipoenea, kasi hiyo haikusaidii kitu. Kadi za AMD zinafanya kazi kwenye Blender kupitia mfumo wa HIP, na za Intel kupitia ule wa oneAPI. Hata hivyo, kwa anayeanza na ambaye hataki kushinda siku nzima akitafuta suluhisho la draiva, NVIDIA ndiyo njia yenye vikwazo vichache. Tahadhari kwa wanaowinda kadi za zamani sana za AMD: Blender ilipofika toleo la 3.0, Desemba 2021, iliacha kutumia OpenCL, mfumo wa zamani wa kuzitumia kadi hizo, kwenye Cycles, hivyo zipo kadi ambazo hazirendi tena kwa matoleo mapya.

Prosesa nimeichelewesha kwa makusudi. Kasi ya kiini kimoja ndiyo huamua namna mifupa ya mhusika inavyoitika unapoisogeza, na pia namna programu inavyoitikia amri ndogondogo za kila dakika. Wingi wa viini huonekana wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Viini vinane vya kisasa, kama vya Ryzen 7 9700X, vinamtosha mwanafunzi kwa miaka kadhaa, na Core Ultra 7 265K inafaa kwa mwenye klipu nyingi za 4:2:2 kwa sababu ya Quick Sync. Ukiletewa prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, uliza ilikuwa ikitumika vipi na kama BIOS ilisasishwa, kwani mwaka 2024 Intel ilikiri kuwapo kwa tatizo la volteji lililoharibu baadhi ya prosesa hizo, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika.

Kwenye diski, mnunuzi hupotezwa na namba kubwa za kasi. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inatoa megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, ambazo ni gigabaiti 45 kwa saa. Hata ukihariri kamera tatu kwa pamoja, hujafikia megabaiti 40. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya aina ya NVMe ya kizazi cha nne, inayosoma hadi karibu megabaiti 7000 kwa sekunde, imekuacha mbali sana, kwa hiyo ile ya kizazi cha tano waachie wenye kazi nyingine, na tofauti ya bei uinunulie ukubwa. Ninapendekeza SSD moja kwa mfumo na programu, ya pili kwa miradi inayoendelea, na diski ya kawaida ya nje kwa nakala za akiba, ambayo haikai imechomekwa wakati wote.

Pawa saplai ya wati 650 kutoka kwa mtengenezaji mwenye sifa nzuri inatosha kwa mashine hii, kwa kuwa kadi hii imewekewa kiwango cha wati 180 na prosesa ya Ryzen 7 9700X hutumia wati 90 hivi. Alama ya 80 Plus Gold inaeleza ufanisi wa umeme. Haikuhakikishii ubora wa kinga zake. Kama nyaya zake ni za kuchomoa, usichanganye kamwe na nyaya za pawa saplai nyingine, hata kama plagi zinaingiana vizuri, kwa maana mpangilio wa waya upande wa ndani hutofautiana, na ukikosea unaweza kuunguza diski zote kwa mara moja. Kasha lichague lenye uso wa matundu. Taa za rangi ni hiari yako.

Ukimaliza kuunganisha, chomeka monita kwenye kadi ya grafiki na siyo kwenye ubao mama. Kosa hili ni dogo na linatokea mara nyingi mno. Kisha, muda wa kurudisha bidhaa ukiwa bado haujaisha, acha programu ya MemTest86 ipime RAM usiku kucha, halafu renda mandhari nzito kwenye Blender kwa saa nzima huku ukiangalia joto la prosesa na la kadi. Joto likipanda hadi kasi ianze kushuka, kagua kwanza kama umeondoa plastiki iliyobandikwa chini ya kipozeo, kisha kagua mwelekeo wa feni: za mbele ziingize hewa, ya nyuma iitoe. RAM ikitoa kosa hata moja, zima EXPO au XMP na urudie kipimo; likijitokeza tena, rudisha vibao vyote viwili dukani.