TAHADHARI: Kuna broka anauza stika za KEBS, namba ni ya mtu wa maji

Wadau mnaotengeneza vitu nyumbani, sabuni, yogati, siagi ya karanga, chochote kile, kuna jamaa anazunguka kwa magrupu ya WhatsApp akisema anakutolea alama ya ubora ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, kwa siku tatu na hakuna mkaguzi atakuja kwako. Usimpe hata mia. Mimi amenilamba 18,000.

Natengeneza sabuni ya maji, na supamaketi fulani waliniambia wazi bila alama ya ubora mzigo hauingii. Jamaa akaja na kitambulisho kinaning'inia shingoni, anaongea taratibu kama mtu wa ofisi, akanionyesha kwa simu pamiti, yaani kibali cha kutumia hiyo alama, nikalainika. Na kweli siku ya tatu boda akaniletea roli ya stika, zinang'aa, zina SM, ile alama ya ubora yenyewe, na namba ya pamiti chini yake. Usiku huo mimi na dadangu tukabandika chupa 200.

Kijana wa kupokea mzigo pale supamaketi hata hakufungua katoni ya pili. Alitoa simu, akaandika SM# na ile namba, akatuma 20023, namba ya KEBS ya kuhakiki stika, jibu likarudi, akanigeuzia skrini bila kusema neno. Kampuni ya maji ya kunywa. Na pamiti yenyewe ilishaisha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze jamani, na ile meseji ningeituma mwenyewe kabla ya kubandika hata chupa moja.

Sasa ndio nikaenda ofisi za KEBS mwenyewe, nikaelewa kwamba pamiti inatolewa kwa bidhaa na brandi, si kwa mtu, yaani ya sabuni ya maji huwezi kuipeleka kwa jiki hata kama zote unazipika jikoni mwako, na kabla uipate lazima wakague mahali unapofanyia kazi na wachukue sampuli zipimwe maabara kulingana na kiwango cha Kenya cha bidhaa hiyo. Kwa hivyo mtu akikwambia hakuna kupimwa, hapo hapo jua ni mwizi. Kutumia alama bila pamiti ni kosa kisheria, na kosa liko kwa lebo yako, yeye hayuko popote kwenye hiyo chupa.

Halafu alinichanganya na bakodi, eti "pakeji". Bakodi inayoanza na 616 ni ya GS1 Kenya, shirika la kutoa namba za bakodi, si KEBS, inasaidia kaunta kusoma bidhaa, haisemi chochote kuhusu ubora. Wengi wetu tunadhani ni kitu kimoja na yeye anajua hivyo.

Wa kuagiza mizigo nje pia anawatafuta, nimeona akitangaza stika za ISM, alama ya KEBS ya bidhaa zinazotoka nje. Hiyo haiuzwi rejareja kama peremende, inafuata COC, cheti cha kuonyesha bidhaa imefikia kiwango, ambacho mzigo unakaguliwa na kupewa huko huko unakotoka kabla haujapakiwa. Kontena ilishafika bila COC, stika ya broka haikuokoi.

Nimeripoti KEBS, laini yao ya bure ni 1545. Kama umeshamtumia pesa weka meseji zote na ile ya M-Pesa, usifute kwa hasira kama nilivyokaribia kufanya.

Mimi saa hii niko na beseni la maji moto nikibandua stika, zimeshika kweli kweli, hapo hakunidanganya. Jamaa bado yuko kwenye grupu, jana usiku alibadilisha picha ya profaili, ameweka mtu mwenye koti jeupe la maabara.